Zamu Yako Kuwa Mtalii: Mwongozo wa Likizo ya Krete

Watu wa pwani tumewasoma watalii mpaka tumehitimu. Tunamjua anayepita sokoni Darajani na nguo ya kuogelea. Tunamjua anayempiga picha bibi wa watu akipepeta mchele, bila hata salamu. Tunamjua aliyenunua kanga moja akaivaa siku tano mfululizo, na yule anayeamini kila neno la papasi. Tunacheka kimoyomoyo, tunampa bei ya kimataifa, maisha yanaendelea.

Jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifanya ni kuwa yeye. Mwongozo huu umeandikwa kuziba pengo hilo. Utamchukua mtu mzima mwenye akili zake, anayeheshimika mtaani kwake Tanga, Mombasa au Unguja, na ndani ya wiki mbili utamgeuza mtalii kamili katika kisiwa cha Krete, Ugiriki. Zifuate hatua zote kwa utaratibu. Ukiruka moja, unaweza kujikuta umesafiri kwa busara.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa kwa kutazama picha

Ugiriki ina visiwa maelfu, ingawa vyenye watu havizidi 250. Mtalii halisi anavijua viwili, Santorini na Mykonos, na vyote amevijua kwenye simu ya mtu mwingine. Santorini ndicho kile cha nyumba nyeupe na makuba ya buluu juu ya ukingo wa volkano. Ukienda huko utapiga picha ileile uliyoiona, ukiwa umebanwa na mamia ya watu waliokuja kuipiga hiyohiyo, jua linapozama kijijini Oia. Wakazi wa kisiwa hicho ni elfu kumi na tano na ushei. Watu wa meli za kitalii walipozidi kufurika, ikabidi kiwekwe kikomo cha abiria 8,000 kwa siku, na tangu Julai 2025 kila anayeshuka kutoka kwenye meli hizo katika miezi ya pilikapilika analipiwa euro 20. Yaani hata baada ya kupunguzwa, kila wenyeji wawili wana mgeni wao mmoja wa kumsogeza njiani.

Sisi tutakwenda Krete, kwa sababu moja nzuri ya kitalii: ni kisiwa kikubwa, kwa hiyo kila hesabu utakayoipiga itakuwa ya uongo. Kina kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambazo ni Unguja tano zikiunganishwa. Kutoka ncha ya magharibi hadi ya mashariki ni kilomita 260 hivi, na katikati imesimama milima. Psiloritis, ulio mrefu kuliko yote, una mita 2,456, na theluji hukaa kileleni wakati watu wa ufukweni wameshaanza kujipaka mafuta ya jua.

Basi panga hivi: kifungua kinywa Chania, kasri la Knossos saa nne, chakula cha mchana Agios Nikolaos, kuogelea Vai alasiri, kisha urudi kulala Chania. Kwenye ramani safari yote haizidi shubiri mbili. Mgeni anayetaka kuwaona simba Serengeti asubuhi na kuoga Nungwi jioni tunamwonea huruma. Jihurumie na wewe mapema. Ukitaka kuharibu mpango huu kwa akili, maliza upande mmoja kwanza. Magharibi kuna Chania na Rethymno, miji ya bandari yenye majengo ya enzi za Waveneti. Mashariki kuna Heraklion, makumbusho na makasri. Wiki moja kwa kila upande haitoshi, lakini angalau haitakuaibisha.

Hatua ya 2: Thibitisha kwamba hutaki kubaki

Mzungu akija Tanzania, mara nyingi hulipa dola 50 akapigiwa muhuri. Akija Kenya, huomba kibali mtandaoni kwa dola zipatazo 30. Zanzibar ilipoanza kudai bima ya lazima ya dola 44, Oktoba 2024, malalamiko yalisikika mpaka ng'ambo.

Wewe utaomba viza ya Schengen. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi hata senti. Utapeleka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, mahali utakapolala kila usiku, na safari ya kwenda na ya kurudi, hasa ya kurudi. Ubalozi wa Ugiriki kwa kanda yetu uko Nairobi. Kazi yako yote ni kumshawishi ofisa kwamba unaipenda nchi yao kiasi cha kuimalizia akiba ya mwaka mzima, lakini huipendi kiasi cha kukaa siku ya kumi na tano.

Hapa mtalii mwenye bidii hukata tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka, ili apate usingizi mwepesi. Asiye na bidii huweka nafasi inayoweza kufutwa, hulala vizuri, na hukosa mkasa wa kusimulia. Kuna pia yule mjanja wa mtaani atakayekuahidi kukutengenezea taarifa ya benki inayopendeza. Huyo mwache aendelee na shughuli zake. Hesabu ndogo ya kweli yenye mshahara unaoingia kila mwezi ina maana zaidi kuliko milioni kumi zilizotua juzi usiku.

Hatua ya 3: Nenda msimu usiofaa

Kukosea msimu huko Krete ni jambo la kale, na limeandikwa. Matendo ya Mitume, sura ya 27, inasimulia jinsi Mtume Paulo, mfungwa aliyekuwa akipelekwa Roma, alivyowashauri wenye meli wasitoke Bandari Nzuri, kusini mwa Krete, kwa kuwa majira yalikuwa yameshaharibika. Mkuu wa askari akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, waliotaka kusogea hadi bandari ya Foinike ambako wangekaa vizuri zaidi wakati wa baridi. Upepo wa Eurakilo ukawachukua, na merikebu ikavunjikia Malta. Bandari Nzuri ipo mpaka leo, inaitwa Kaloi Limenes, na haijamrudishia mtu nauli.

Mtalii wa sasa hana haja ya Eurakilo, ana Agosti. Nenda Agosti. Jua litakuwa limepita nyuzi 30, vyumba vimejaa, na tarehe 15 ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, ambapo Wagiriki wenyewe hurudi vijijini kwao, kwa hiyo meli nazo zimejaa. Julai na Agosti ndiyo miezi ya meltemi, upepo wa kaskazini unaotifua bahari ya upande ule. Sisi tulioanikia dagaa kwa kaskazi na kusi tunajua kwamba upepo una ratiba yake. Mtalii huuchukulia kuwa hitilafu ya hoteli, akaenda mapokezi kulalamika.

Au nenda Januari, kwa kuwa bei imeshuka. Imeshuka kwa sababu hoteli nyingi za ufukweni zimefungwa, mvua inanyesha, na barabarani mtakuwa wewe na paka.

Wasiopenda mikasa huenda mwishoni mwa Mei, Juni, au Septemba. Mei milima ina maua ila maji bado yana ubaridi wa kumshtua aliyezoea Bahari ya Hindi. Septemba bahari imekwisha kuota jua la kiangazi kizima, zabibu zimeiva, na shule za Ulaya zimefunguliwa, kwa hiyo watoto wamerudi darasani na vitanda vya ufukweni vimepata nafasi.

Hatua ya 4: Endesha upande usio wako

Unaweza kufika Krete kwa ndege ukipitia Athens. Unaweza pia kupanda meli ya usiku bandarini Piraeus, ukaamkia Heraklion au Souda, bandari ya Chania. Ni safari ya saa nane au tisa. Kwa mtu aliyezoea boti ya Dar na Unguja, meli hizi ni mtaa mzima unaoelea, wenye malori tumboni na mgahawa juu. Tiketi ya bei ya chini haina kitanda, na hapo utawaona Wazungu wamelala sakafuni kwenye magodoro ya kukunja, jambo litakalokuongezea imani katika usawa wa binadamu.

Ukifika, kodi gari, na ukumbuke kwamba Ugiriki huendesha kulia. Utakumbuka vizuri kwa siku mbili za mwanzo, kisha siku ya tatu, ukitoka kituo cha mafuta huku unasimulia jambo, utaingia kushoto kwa moyo mweupe. Kwenye barabara kuu ya kaskazini utamwona aliye mbele yako amehamia nusu ya gari pembezoni mwa lami, nje ya mstari, ili anayemfuata apite. Aliye nyuma yako anatazamia ufanye vivyo hivyo, na atakueleza hivyo kwa taa. Dereva wa Thika Road au wa Mbagala atajisikia nyumbani. Juu milimani, hasa upande wa Sfakia, vibao vya barabarani vina matundu ya risasi. Usiogope: shabaha ilikuwa kibao.

Kwa wanaotaka hasara ya uhakika, iko njia ya vumbi ya kuelekea Balos. Mikataba mingi ya kukodi gari haifidii matairi wala uvungu ulioharibikia njia kama hizo, na maelezo hayo huandikwa kwa herufi ambazo hata mchwa angetafuta miwani. Asiye na pesa za kuchezea hupanda boti kutoka Kissamos. Na asiyetaka gari kabisa hupanda mabasi ya KTEL, yanayounganisha Chania, Rethymno na Heraklion kwa saa zinazojulikana. Basi linaondoka muda ukifika, hata kama halijajaa. Itakuchukua siku kadhaa kulizoea hilo.

Hatua ya 5: Tazama vivutio bila kuviona

Anza na Knossos, nje kidogo ya Heraklion. Ndiko hadithi za Wagiriki zilikoliweka zizi la Minotauro, kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, ndani ya jumba la vichochoro ambalo aingiaye hatoki. Theseus alitoka kwa sababu binti mfalme, Ariadne, alimpa uzi wa kufuata. Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu atauliza, kwa haki kabisa, uzi wa nini.

Simama mbele ya zile nguzo nyekundu, upige picha, uandike chini yake kwamba umegusa miaka 3,500. Ulichokigusa ni saruji. Mwingereza Arthur Evans alianza kuchimba hapo mwaka 1900, na katika miaka iliyofuata akajenga upya sehemu kadhaa za kasri kwa zege na rangi, kwa kadiri alivyolifikiria. Wanaakiolojia wanabishana mpaka leo kama aliliokoa au aliliharibu. Anayetajwa kwa nadra ni Minos Kalokairinos, mfanyabiashara wa Krete mwenyewe, aliyechimba hapo tangu 1878. Mwenyeji akitangulia na mgeni akapata sifa, habari hiyo si ngeni kwetu. Julai 2025, UNESCO iliyaingiza makasri sita ya Waminoa, watu wa kale wa Krete, Knossos likiwemo, kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa hiyo foleni ya tiketi haitafupika.

Baada ya hapo nenda makumbusho ya Heraklion, ukaitazame sahani ya udongo ya Phaistos, iliyochimbuliwa mwaka 1908. Ina alama zilizopangwa kwa mzunguko pande zote mbili, na hakuna usomaji wake uliokubaliwa na wataalamu kwa pamoja. Mtalii mwenye bahati atakutana na mtu pale nje anayejua imeandikwa nini. Mlipe. Papasi ni wa dunia nzima, na yule wa Heraklion anastahili riziki sawa na yule wa Shangani aliyewahi kumwonyesha mtu chumba alicholala Sultani, katika nyumba iliyojengwa juzi.

Mashariki kuna Spinalonga, kisiwa kidogo chenye ngome ya Waveneti iliyoanza kujengwa 1579. Kuanzia 1903 hadi 1957 wagonjwa wa ukoma wa Krete, na baadaye wa Ugiriki, walitengwa hapo, wakafunga ndoa hapo, wakazaa hapo, wakazikwa hapo. Riwaya ya Victoria Hislop, The Island, iliyotoka 2005, ilikifanya kijulikane ulimwenguni, na sasa boti zinapeleka watu kutoka Plaka, Elounda na Agios Nikolaos. Wengi hurudi wakisifu rangi ya maji. Kabla hujawahukumu, kumbuka kisiwa cha Changuu kule Unguja. Kilijengewa gereza katika miaka ya 1890, lakini kilichokaa humo ni karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Leo tunawapeleka wageni huko kulisha kobe. Spinalonga, tembea polepole, na aiskrimu uile ukisharudi ng'ambo.

Zinafuata fukwe. Umezaliwa Paje, Diani au Kilwa, na umevuka zaidi ya kilomita 4,000 kuja kuona mchanga. Sawa. Elafonisi, kusini-magharibi, una mchanga wenye uwaridi unaotokana na magamba ya viumbe wadogo wa baharini, na ni marufuku kuuchukua. Utakodi kitanda na mwavuli kwa pesa ambayo kwenu ungekodi ngarawa na nahodha wake. Kisha, kilele cha utalii wa Mswahili, nenda Vai, ukingo wa mashariki kabisa. Huko kuna msitu wa mitende, unaotajwa kuwa mkubwa kuliko mingine yote ya asili barani Ulaya. Wazungu hushuka basini wakashangaa kwa dhati. Nawe shangaa, nauli umeshalipa. Tende zake ni ndogo na hazina nyama ya kula, jambo utakalolitangaza kwa sauti ili ujulikane kuwa mtaalamu.

Mwisho, korongo la Samaria. Njia ni kilomita 16, kutoka Xyloskalo, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hadi kijiji cha Agia Roumeli, kisichofikika kwa gari. Hufunguliwa kwa kawaida kati ya Mei na Oktoba. Mahali penye jina la Portes, kuta za miamba zenye mamia ya mita kwenda juu zinakaribiana mpaka zinaacha uwazi wa mita nne hivi. Vaa kandambili, beba maji nusu chupa, na uanze saa tano mchana. Utateremka sana, na mteremko ndio unaoyavunja magoti. Punda wapo kwa ajili ya walioshindwa, na boti ya jioni kutoka Agia Roumeli haimngojei mtu. Wenye viatu vya kufunga, wakaanza alfajiri, humaliza mapema, wakaoga baharini wakikutazama unavyofika.

Hatua ya 6: Lalamikia chakula, kisha umalize sahani

Mtalii anayefika Lamu akaagiza chipsi na soseji tumemcheka vya kutosha. Sasa fungua begi lako. Ndani kuna pilipili ya kopo, majani ya chai, na unga kilo mbili "kwa dharura".

Dharura haipo. Krete inakula vizuri kuliko inavyojitangaza, na mengi yanayoliwa huko yalianza kama chakula cha mkulima asiye na kitu. Dakos ni mkate mkavu wa shayiri uliolainishwa kwa nyanya zilizokwaruzwa, juu yake jibini laini ya mizithra, oregano, na mafuta ya zeituni bila ubahili. Gigantes ni maharage makubwa meupe yaliyookwa na nyanya. Fava ni njegere za manjano zilizopondwa, zikatiwa kitunguu, mafuta na ndimu. Kwa kuwa waumini wa Othodoksi wana siku nyingi za mfungo usio na nyama wala maziwa, asiyekula nguruwe, au asiyejua nyama imechinjwaje, atakuta mezani vyakula vingi vya kumshibisha bila kuuliza maswali.

Kisha agiza horta, mboga za majani zilizochemshwa, zikamiminiwa mafuta na ndimu. Wakati wa kiangazi mara nyingi huwa ni vlita. Zitazame kwa makini. Ni mchicha. Umetoka katika bara linaloota mchicha nyuma ya kila bomba linalovuja, umekaa mezani ukitazama bahari, na utalipa kwa euro. Usimwambie mama.

Pweza utamkuta ameanikwa kwenye kamba mbele ya mgahawa, na hapo utakuwa mtu wa kwanza kwenye meza kujua sababu. Nao humpigapiga mwambani alainike kama tunavyofanya sisi, kisha humchoma kwa mkaa. Kikosekanacho ni pilipili, ndiyo maana lile kopo lako si upuuzi mtupu. Konokono hukaangwa kwa chumvi, rozmari na siki, na hufika mezani wakiwa bado na nyumba zao. Hapa kila mtu na mpaka wake. Harusini, na siku hizi hata kwenye baadhi ya migahawa, kuna wali uliopikwa kwa supu ya kuku na mbuzi au kondoo, ukatiwa samli na ndimu. Mtu wa pwani ataulizia bizari, atatafuta hiliki, atachunguza kama kuna vitunguu vilivyokaangwa vikawa vyekundu. Hakuna. Kula kijiko cha pili ndipo useme.

Chakula cha usiku huanza saa tatu. Ukifika saa kumi na mbili na nusu jioni utahudumiwa na mtu ambaye bado anapanga viti. Mwisho wa mlo, bila kuagiza, italetwa matunda au kitu kitamu, pamoja na kichupa cha raki, pombe ya makapi ya zabibu. Ni ukarimu wa nyumba. Asiyekunywa huweka mkono kifuani, hutabasamu, hula tikiti, na hakuna anayekasirika. Asiyejua kipimo hudhani kuwa cha bure hakilevyi.

Utasikia pia kwamba chakula hiki hurefusha maisha. Chanzo kimojawapo cha sifa hiyo ni utafiti wa nchi saba wa Mmarekani Ancel Keys, ulioanza 1958, ambao uliwakuta wanaume wa vijijini Krete wakiwa na maradhi machache mno ya moyo. Wanaume wale walilima milimani, walitembea kutwa, walikula dengu na majani, na nyama waliiona kwa nadra. Wewe chukua ile sehemu ya jibini na mafuta, uketi.

Hatua ya 7: Wafanyie wenyeji yale unayofanyiwa

Kila kijiji kina kafeneio, mgahawa wa kahawa wenye wazee, mchezo wa tavli mezani na mjadala wa siasa. Ni baraza tunalolijua. Basi waelekezee kamera bila salamu, uwaambie watabasamu. Ukiwa umechoka na utalii, sema "kalimera" asubuhi au "yassas" wakati wowote, ukae, uagize kahawa. Huja katika kikombe kidogo, chungu, masimbi chini, na hainywewi kwa haraka. Mnywaji wa kahawa wa Mombasa hapo hahitaji mwongozo. Wagiriki waliwahi kulima mkonge na kahawa Tanganyika, na Arusha bado ina kanisa lao. Ukisema unakotoka, mazungumzo yanaweza kwenda mbali kuliko ulivyotarajia.

Alasiri ya kiangazi, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu, watu hupumzika na kelele haziruhusiwi. Huo ndio wakati wako wa kuwapigia jamaa simu ya video kutoka kibarazani.

Makanisani na kwenye monasteri hutakiwa kufunika mabega na magoti. Arkadi, karibu na Rethymno, ni mahali ambapo Novemba 1866 mamia ya Wakrete waliozingirwa na jeshi la Uthmaniya walilipua ghala la baruti badala ya kujisalimisha, wanawake na watoto wakiwemo ndani. Kwa Wakrete ni kaburi. Kaptura yako itaonekana pale kama wanavyoonekana kwetu wale wanaopita mbele ya msikiti wa Malindi na nguo za ufukweni. Afadhali yako una kanga. Zibebe mbili.

Jiandae na lililo kinyume. Fukwe za Ulaya ya kusini zina vijana wa Kiafrika wanaotembeza bangili na miwani. Ukiwa mweusi, umebeba mkoba begani na unatafuta mahali pa kukaa, usishangae mtalii mwenzako akikuuliza bei. Unaweza kukasirika, na utakuwa na haki. Unaweza pia kumtajia bei ya kimataifa.

La mwisho ni la msalani. Mabomba ya majitaka ya Ugiriki ni membamba, kwa hiyo karatasi hutupwa kwenye kapu la pembeni, si chooni. Wageni wa mataifa makubwa husahau na kuleta mafuriko. Mswahili aliyekuja na kopo lake la maji ndiye mgeni asiye na hatia katika kisiwa kizima.

Hatua ya 8: Rudi, usimulie

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zeituni za Krete huanza kuvunwa Novemba, kwa hiyo ukikawia sana jembe lako litakuwa fimbo ya kupigia matawi. Rudi kabla ya hapo, kwanza viza inataka hivyo. Kwenye bili ya hoteli utakuta tozo ya mazingira ambayo, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ni kati ya euro 2 na euro 15 kwa chumba kwa usiku, kulingana na idadi ya nyota. Ilipe kimya. Tozo za namna hiyo ulikuwa ukizitetea pale walipokuwa wakizilipa wao.

Funga asali, jibini kavu ya graviera na mafuta ya zeituni kwenye begi la chini, kwa mifuko miwili. Nyumbani usiseme ulipotea, usiseme ulilalamikia upepo, wala usiseme ulilipia mchicha. Sema bahari ilikuwa nzuri, lakini ya kwetu ni nzuri zaidi, na katika hilo hutakuwa umedanganya sana.

Ukishayapitia yote haya, utakuwa umejua kwamba ujinga wa mtalii hauna kabila: ni hali ya mtu yeyote aliye mbali na kwao, mwenye haraka, aliyelipa pesa nyingi. Mpunguzie bei kidogo mgeni wa kwanza utakayekutana naye Forodhani. Na kama umeamua kwenda, maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa likizo ya Septemba, anza Machi.